Herufi Niliyoiongeza

Vijana wa ofisi waliponiaga mwaka jana, mmoja aliniambia kwa upole kwamba hajui hata kazi yangu ilikuwa nini hasa. Nilimwelewa. Alinikuta nimeshasogezwa kwenye meza ya pembeni, mbele ya sanduku la chuma lenye vumbi, na kazi niliyoifanya kwa kupaza sauti na kutoka jasho, yeye huifanya kwa kidole gumba huku anatafuna karanga. Basi nawaandikia ninyi. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na havikumnenepesha mtu. Nitaandika juu ya foni, na juu ya Papa Gervais aliyenifundisha kazi hiyo. Ninyi mnamjua kwa jina jingine. Jina hilo limetoka kwangu, ingawa sikulitamka mimi.

Ofisi yetu, kama mjuavyo, hupeleka dawa kwenye zahanati za vijijini, upande wa Mwadingusha na kupita huko. Nilipoanza hakukuwa na simu za mkononi. Kila zahanati ilikuwa na foni, yaani redio ya kuzungumzia, betri ya gari, na waya wa antena uliofungwa kati ya miti miwili. Hapa Likasi tulikuwa na foni kubwa, na alihitajika mtu wa kukaa mbele yake tangu asubuhi hadi jioni. Mkubwa wa wakati huo alitaka mwanamke, kwa sababu, alisema, sauti ya mwanamke hupenya makelele. Nilimjibu kwa sauti nikiwa mlangoni na nikachukuliwa papo hapo. Mume wangu aliposikia sababu hiyo alicheka mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa mezani.

Siku ya kwanza niliishika mikro, kile kipaza sauti, kama mtu ashikaye jogoo wa wenyewe. Nilipiga kelele. Kutoka zahanati moja ya mbali muuguzi akajibu, "Mama, uko unatuuwa masikio! Hii ni foni, aiko soko!" Vituo vyote vilikuwa vinasikiliza, na vyote vilicheka. Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanamume mrefu, mwenye suruali iliyobanwa kifundoni kwa kibanio cha baiskeli. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Solange, unafinya kwanza. Halafu unavuta pumuzi. Njo unaongea." Alikuwa Papa Gervais, na hakuwa mfanyakazi wa ofisi yetu. Hakuwahi kuwa. Alikuja kwa hiari yake, na aliendelea kuja hivyo hivyo miaka yote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mota za kiwanda, kusuka upya nyaya zilizoungua. Sehemu yake ya kiwanda ilipofungwa, alibaki na mikono isiyojua kukaa. Lakini mapenzi yake yalikuwa redio tangu ujana. Alifundishwa na fundi mmoja wa shule ya ufundi, akapata kibali cha serikali, akakitia kwenye fremu na kukitundika juu ya picha ya harusi yake, jambo ambalo mkewe hakulisahau. Antena yake, kule juu ya kilima, aliisuka kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye mota zilizokufa. "Mutu wa Likasi kutafuta shaba ku ingine fasi, ni haya," alisema, kwamba ni aibu kuitafuta mahali pengine huku mji wetu umekaa juu yake. Chuma chake cha kulehemu alikipasha moto kwenye mbabula, jiko la mkaa, kando ya sufuria ya mboga, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Sisi tunaoishi jirani na bwawa la umeme ndio tunaojua giza vizuri kuliko wote. Ukutani alibandika kadi za posta kutoka kwa watu aliozungumza nao hewani, na mmoja wao alikuwa mwokaji mikate wa nchi ya baridi ambaye kwa miaka waliulizana hali ya hewa na hawakupungukiwa na maneno.

Angeweza kuishia hapo, kuongea na waokaji mikate. Yeye alikusanya watu. Alikuwapo mwalimu, fundi cherehani, katekista, mama mmoja muuza mkaa, kila mmoja na kiredio chake cha mkono kilichofufuliwa na Papa Gervais. Waliitwa ekipe, yaani timu. Mtoto akipotea, mto ukifurika, mtu akifia mbali na kwao, ekipe ndiyo iliyopitisha habari. Walikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, na walikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Aliyekosea alisimama mwenyewe mbele ya wenzake, akaeleza kosa lilivyotokea, hatua kwa hatua, kisha siku ile ile akarudi kazini. Hakuna aliyeruhusiwa kumcheka. Lakini asiyeeleza hakugusa mikro.

Somo kubwa la Papa Gervais lilihusu neno "hapana". Nawapa kama alivyonipa, kwa maana hata kwenye simu zenu litawafaa. Foni haifunguki mara tu unapobonyeza. Inachelewa kidogo, na mtu mwenye haraka huanza kusema kabla haijafunguka, basi mwanzo wa neno lake unakatika. Mfaransa hana hasara kubwa, kwa sababu kukanusha kwake kunamaliziwa mbele ya safari. Sisi kukanusha kwetu kumekaa mwanzoni kabisa mwa neno, silabi moja, na huku Katanga tumeidondosha hata h yake. "Aiko dawa", yaani hakuna dawa, ikikatwa kichwa inabaki "iko dawa", dawa ipo.

"Mu Kiswahili yetu, hapana inasimamaka ku mulango," aliniambia. "Ukikimbiza mulomo mbele ya kidole, hapana inabakia inje. Bantu ba kule banasikia ndiyo."

"Sasa tufanye namna gani, papa?"

"Unasema non, non, mbele ya yote. Na ule mwenye anapokea anarudilia yote yenye alisikia. Akikosa kurudilia, aiko message. Ni makelele tu."

Nilifuata hayo miaka mingi, na niseme ukweli, nilikuwa hodari. Nilijua kila muuguzi kwa pumzi yake. Nilijua Tite wa Mulandi, zahanati ya mwisho kabisa ya njia ile, ambaye betri yake ilikuwa imechoka na yeye mwenyewe alisema mbio mbio ili asiimalize. Kila ujumbe niliuandika kwenye kaye, daftari kubwa la mistari, kwa kalamu ya buluu. Nilianza kujiona. Hodari akijiona, funza wameshaingia kwenye mahindi.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuwaeleza, tulikuwa na wageni ofisini. Nilipokea ujumbe mbele yao bila kuurudia, ili waone nilivyo mwepesi. Papa Gervais akasema, mbele ya watu wote, "Solange, rudilia." Alisema kwa sauti yake ya kila siku, hakukuwa na ubaya ndani yake. Lakini mimi niliungua. Nilikuwa na watoto wanne na miaka mingi kwenye kiti kile, na hapa nasahihishwa kama mwanafunzi. Wiki nzima nilimjibu kwa neno moja moja.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Kule Mulandi kulikuwa na mama aitwaye Feza, mimba yake ya pili, uchungu umemshika na mtoto hatoki. Jana yake tulikuwa tumepatana hivi. Ndugu zake watamteremsha kwa baiskeli hadi njia panda, na jeep yetu itawangoja hapo, kwa sababu njia ya kupanda Mulandi ilikuwa mbaya. Dereva, Ilunga, aliondoka alfajiri. Alikuwa na redio ya mkono tu, isiyofika ofisini kwetu. Ili kumpata ilibidi nimwambie Papa Gervais, naye apitishe kutoka kilimani kwake.

Asubuhi, mvua ikinyesha bado, Tite aliita. Niliisikia sauti yake katikati ya mikwaruzo. "…batakuya. Njila…" Kisha kelele. Kisha "…jeep…" Kisha kimya. Betri.

Sikio husikia kile linachokingoja. Mimi nilikuwa nangoja kusikia kwamba wanakuja, basi nikasikia "batakuya", yaani watakuja, na jeep ikae ingoje. Nikaandika kwenye kaye: *Batakuya. Jeep.* Zahanati nyingine mbili zilikuwa zinaniita, kila moja na shida yake. Nikambonyezea Papa Gervais kwenye redio ndogo, nikamwambia amwambie Ilunga angoje pale pale, Feza na ndugu zake watakuja.

"Tite alirudilia?" akauliza.

Hapo ndipo palipo na maisha yangu yote ya kazi. Ningesema hapana. Ningesema ngoja, nimwite tena. Labda Tite angebadilisha betri, labda angetafuta ya pikipiki, alikuwa mtu wa kuhangaika. Nilichosikia mimi katika swali lile ni wiki iliyopita na wageni.

"Alirudilia," nikasema.

Alichosema Tite ni hiki, nimekijua baadaye neno kwa neno. "Abatakuya. Njila iko na mayi. Mutume jeep huku juu." Hawatakuja, njia imejaa maji, leteni gari huku. Ilunga alingoja njia panda tangu asubuhi hadi jua limegeuka, akiwa na utii wote wa dunia. Feza alingoja Mulandi akisikiliza kama kuna mlio wa gari. Mwishowe Ilunga alichoka, akapanda mwenyewe, akawakuta. Feza alifanyiwa upasuaji na akapona. Mtoto, msichana, alikuwa amekufa tumboni.

Siku mbili baadaye tuliitwa kwenye kikao. Tite alikuwa ameandika barua: *Nilisema abatakuya.* Basi swali lilikuwa moja tu, neno lilibadilika mkononi mwa nani. Mkubwa aliagiza niende na kaye. Nilifika ofisini mapema kuliko mfagiaji. Nilifungua ukurasa ule, nikautazama, nikafikiri juu ya watoto wanne na baba yao ambaye wakati ule hakuwa na kazi. Kisha nikachukua kalamu, nikaweka herufi moja pembezoni, mbele ya neno. A. Ilibana kidogo, lakini ilikaa.

Kwenye kikao kaye ilipita mkono kwa mkono. Sasa ilisema kwamba mimi nilisikia sawa, na kwa hiyo aliyeharibu ni aliyepitisha. Ilipomfikia Papa Gervais aliiangalia muda mrefu. Mtu aliyesuka nyaya nyembamba kama nywele maisha yake yote hakosi kuona herufi iliyobanwa. Nilingoja aseme.

Akafunga kaye. "Kaye iko sawa," akasema. "Minye njo nilipitisha neno kwa shofele Ilunga. Kosa ni yangu."

Tulipotoka alinikuta kwenye ngazi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema, "Solange, kuandika ulishaandika. Inabakia kusema. Samedi tuko na mukutano."

Alikuwa ananifungulia njia. Kwa sheria ya ekipe ningesimama, nieleze, na yote yangeishia kwenye ukumbi ule. Hata kazi, nadhani sasa, nisingefukuzwa. Lakini Jumamosi ile nilifua nguo. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na homa, au nilisema nina homa. Baada ya hapo sikuhitaji tena sababu.

Yeye alisimama mbele ya ekipe yake na hakuweza kueleza kosa lilivyotokea, kwa sababu maelezo yalikuwa kwangu, na kunitaja hakutaka. Alisema tu kwamba alikosea. Wakamwuliza, vipi? Akanyamaza. Basi yeye, aliyeitunga sheria, akaitii. Aliweka mikro chini, akamwachia mwalimu uongozi. Mwalimu alikuwa mtu mzuri, lakini hakuna aliyekuwa anaamka kwa ajili yake. Ekipe ilipungua mtu mmoja mmoja, na simu zilipofika hazikukuta kitu cha kuua. Watu husema simu ndizo zilizoimaliza. Si kweli. Mimi nilitangulia.

Jina lilitoka kwa Ilunga, ambaye hakuwa na nia mbaya. Alikuwa msimuliaji, na kila mahali alipokunywa chai alieleza jinsi alivyokaa njia panda, na Papa Gervais anamwambia kwenye redio, "Batakuya, batakuya, ungoje tu." Mji ukalipenda. Papa Batakuya. Ninyi vijana mletaji akichelewesha mzigo mnasema, "Huyu fournisseur ni Papa Batakuya," nanyi hamjui kwamba alikuwa mtu, kwamba alikuwa na baiskeli na mke, na kwamba katika maisha yake sijui kama aliwahi kuchelewa popote. Nimewasikia mkilisema mbele ya meza yangu. Nilikuwa nainama kutafuta kitu kwenye droo.

Miaka hiyo yote tulisalimiana. "Jambo yako, Solange." "Jambo, papa." Aliniuliza habari za watoto kwa majina yao. Mara ngapi nilikuwa na neno mdomoni. Nilijiambia ngoja wa mwisho amalize shule, kisha ngoja nistaafu, kisha ngoja apone kifua chake. Hakupona. Alikufa kiangazi kilichopita. Kwenye kilio chake nilipika pamoja na wanawake wengine, na mtu alipoomba wenye ushuhuda wasimame, nilisimama. Nilisema alikuwa mwalimu wangu, mvumilivu, Mungu amlaze mahali pema. Nikakaa. Watu walisema nimesema vizuri. Nilijichukia kuliko siku ya kalamu.

Mwezi uliopita nilimtafuta Feza. Nilijua yuko hapa mjini, anauza mboga za lengalenga na samaki wakavu sokoni. Nilimkuta anafunga matita ya mboga. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa mikono. Niliketi kwenye kigoda cha wateja nikamweleza yote, kuanzia wageni wa ofisini mpaka herufi. Sikulia, maana nilikuwa nimejikataza kulia mbele yake. Aliendelea kufunga mboga mpaka nilipofika kwenye A, hapo mikono ikasimama.

"Kumbe aikuwa yeye," akasema.

"Aikuwa yeye. Ilikuwa minye."

Mteja alikuja, akauliza bei, akaondoka bila jibu.

"Ule papa alikuya kwangu mara tatu," Feza akasema. "Na baiskeli, mpaka Mulandi. Ya kwanza nilikuwa bado na kidonda ya tumbo. Alisimama inje, alikuwa na kofia mu mukono, anasema alikuya kunilomba musamaha. Nilimufungia mulango. Ya pili nilimufungia tena. Ya tatu nilimumwangia mayi ya vyombo. Mayi ya michafu, mama. Ku shati yake ya mweupe. Alisema aksanti, akapanda baiskeli."

Sikujua hilo. Hakuniambia, wala mkewe hakuniambia, na huenda hata mkewe aliambiwa kwamba shati lililoweshwa na mvua.

"Mama, minye nilimuchukia ule muntu miaka yote," akasema. "Nilikuwa nalala na hii chuki, naamuka nayo. Weye umekuya kwangu leo juu upate kupumuzika. Sawa. Minye sasa nitaenda kumulomba nani musamaha?"

Nilibaki kwenye kile kigoda, naye hakunifukuza wala hakunitazama tena. Wauzaji wenzake walianza kufunika meza zao, na sisi wawili tukaendelea kukaa, mboga zake zikinyauka katikati yetu.